AMD na Hasira ya Oktoba: Waliuliza Jina, Waliuliza Bei, Programu Hawakuiuliza

Leo tuongee kuhusu hasira. Hasira ya watu wanaotazama kampuni ya chipu ikionyesha bidhaa zake mpya, kisha wanazima tarakilishi wakinung'unika kana kwamba wameibiwa mfukoni.

Tarehe 10 Oktoba 2024 kampuni ya AMD iliandaa hafla mjini San Francisco, Marekani. Mkuu wake, Lisa Su, alipanda jukwaani akatangaza chipu mpya ya akili unde iitwayo MI325X, pamoja na kizazi cha tano cha chipu za seva za EPYC. Soko la hisa lilipofungwa siku hiyo, hisa za AMD zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 4. Asilimia 4 inasikika kama kitu kidogo, lakini kwa kampuni yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 250 wakati huo, hizo ni zaidi ya dola bilioni 10 zilizoyeyuka kwa siku moja.

Kisa na maana? Chipu haikuungua jukwaani. Hakuna aliyefumaniwa akidanganya. Kampuni ilionyesha bidhaa nzuri tu, na watu wakauza.

Hoja yangu ni hii: wawekezaji walikasirikia jambo moja, mashabiki wakakasirikia jingine, na lile lililostahili hasira kuliko yote likapita kimyakimya. Jambo hilo ni programu. Nitalieleza, lakini kwanza tuone kilichokuwa mezani.

Kilichoonyeshwa

MI325X ni chipu ya kufunza na kuendesha modeli kubwa za akili unde. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 256 na inasoma kumbukumbu hiyo kwa kasi ya terabaiti 6 kwa sekunde. AMD iliilinganisha na H200 ya Nvidia, yenye gigabaiti 141 na kasi ya terabaiti 4.8 kwa sekunde. Upande wa EPYC, chipu kubwa kabisa ilikuwa na viini 192. Lisa Su aliongeza kwamba soko la chipu za akili unde lingefika dola bilioni 500 ifikapo mwaka wa 2028.

Kwa nini kumbukumbu inapigiwa ngoma hivyo? Hesabu yake ni nyepesi. Chukua modeli ya Llama 3.1 ya Meta yenye vigezo bilioni 405. Kila kigezo kikichukua baiti mbili, unahitaji gigabaiti 810 kuipakia tu, kabla haijajibu hata swali moja. Seva moja kwa kawaida hubeba chipu nane za aina hii. Chipu nane za H100 ya Nvidia, kila moja na gigabaiti 80, zinakupa 640. Haitoshi, itabidi uunganishe seva mbili au uibane modeli. Chipu nane za MI300X, ile iliyotangulia MI325X, zina gigabaiti 192 kila moja, jumla 1,536. Modeli inaingia na nafasi inabaki.

Hili si jambo la makaratasi. Katika hafla hiyohiyo Meta ilisema kwamba maombi yote ya watumiaji kwa modeli hiyo ya bilioni 405 yalikuwa yakihudumiwa na MI300X. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo iliyokuwa habari kubwa ya siku. Haikumzuia mtu yeyote kuuza hisa zake.

Wawekezaji walitaka jina

Malalamiko ya wachambuzi wa soko yalikuwa ya aina moja: hakuna mteja mpya mkubwa aliyetajwa. Meta tulimjua. Microsoft na Oracle tuliwajua. Walitaka jina lingine.

Angalia mtindo huu unavyojirudia. Tarehe 13 Juni 2023 AMD ilionyesha MI300X kwa undani kwa mara ya kwanza. Hakuna mteja mkubwa aliyetajwa, hisa zikashuka kwa zaidi ya asilimia 3. Siku hiyohiyo Nvidia ilifunga soko ikiwa na thamani ya zaidi ya dola trilioni moja, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kisha, tarehe 6 Desemba 2023, AMD ikaleta jukwaani chipu ileile, MI300X. Safari hii Microsoft, Meta na Oracle walikuwepo na OpenAI ikatajwa. Kesho yake hisa zilipanda karibu asilimia 10.

Chipu ni moja. Miezi sita imepita. Kilichobadilika ni majina.

Sasa msidhani ninawacheka wawekezaji. Wana sababu. Wanunuzi wakubwa wa chipu hizi duniani wanahesabika kwa vidole, na kila mmoja wao anaweza kuagiza mali ya mabilioni kwa sahihi moja. Isitoshe, pengo lilikuwa la kutisha. Katika robo moja tu ya mwaka, iliyoishia Julai 2024, Nvidia iliuza bidhaa za vituo vya data za dola bilioni 26.3. AMD yenyewe ilikuwa imetabiri kuuza chipu zake za akili unde kwa dola bilioni 4.5 kwa mwaka mzima wa 2024. Baadaye, tarehe 29 Oktoba, iliongeza utabiri huo hadi zaidi ya dola bilioni 5, na kesho yake hisa zikaanguka tena, sasa kwa takriban asilimia 10! Umeongeza, unaadhibiwa. Soko lilikuwa limejiwekea tarakimu yake kichwani, na AMD haikuifikia.

Kwa hivyo mwekezaji anapotazama hafla kama hii, macho yake hayako kwenye chipu. Anasubiri kusikia nani ataleta pesa, na lini. Lisiposikika, anaondoka. Ni haki yake. Kosa ni la sisi wengine tunapochukua kile kishale chekundu cha soko la hisa na kukifanya hukumu juu ya kifaa. Nimewasoma watu wengi wakisema "chipu imefeli, hata hisa zimeshuka". La hasha! Hisa hazijawahi kuendesha modeli yoyote.

Mashabiki walitaka mengine

Mashabiki wa AMD ni kabila la pekee. Wengi waliingia wakati kampuni ilipokuwa hoi. Chipu za Bulldozer za mwaka wa 2011 zilikuja na matarajio makubwa na zikawaangusha walionunua. Kufikia 2015 hisa moja ilikuwa chini ya dola 2. Lisa Su alichukua usukani Oktoba 2014, na Ryzen ilipotoka Machi 2017 walioshikilia walijiona mashujaa. Mtu wa namna hiyo haangalii hafla ya AMD kama mteja. Anaiangalia kama shabiki wa Gor Mahia siku ya debi, na timu ikitoka sare anahisi ameaibishwa yeye binafsi.

Siku ile ya Oktoba walikuwa na malalamiko matatu.

La kwanza, gigabaiti. Mwezi Juni 2024 kule Taipei, AMD ilikuwa imesema MI325X itakuwa na gigabaiti 288. Oktoba ikaja na 256. Kwa seva ya chipu nane, hiyo ni tofauti ya gigabaiti 256 nzima, yaani kama chipu moja imetolewa mkononi. Ahadi ni deni, na hapa mashabiki walikuwa na haki.

La pili, mshindani aliyechaguliwa. Kulinganisha na H200 ni sawa, lakini Nvidia ilikuwa imetangaza kizazi chake kipya, Blackwell, tangu Machi 2024, na kila mtu alijua kiko njiani kwenda kwa wateja. Ukija mbioni unajisifu umempita aliyekwisha kupokezana kijiti, watu watakuangalia tu. Jibu la AMD kwa Blackwell lilikuwa MI355X, nalo likaahidiwa kwa nusu ya pili ya 2025. Hapa pia walikuwa na haki.

La tatu, hapakuwa na chochote cha wachezaji wa gemu na waunda tarakilishi za nyumbani. Hili sikubaliani nalo. Hafla ilikuwa ya seva na ofisi, na ilitangazwa hivyo. Huendi kwenye mnada wa ng'ombe ukalalamika hakuna kuku.

Wakati wa kuku ulipofika, hata hivyo, AMD iliwanyima kweli. Tarehe 6 Januari 2025 huko Las Vegas, kwenye maonyesho ya CES, waandishi wa habari walikuwa wamekwisha kupewa maelezo ya kadi mpya za michoro za Radeon RX 9070. Lisa Su hakuwa jukwaani siku hiyo, na wenzake walioongoza hafla walizungumza kama dakika 45 bila kuzitaja kadi hizo kabisa. Wakubwa wa kampuni walieleza baadaye kwamba muda haukutosha. Jioni hiyohiyo Jensen Huang wa Nvidia akatangaza kadi za RTX 50, ya bei kubwa dola 1,999 na RTX 5070 kwa dola 549. Mashabiki wa AMD walilala na njaa.

Na sasa sikilizeni kilichofuata. Kesho yake hisa za Nvidia, iliyoshangiliwa ukumbini, zilishuka kwa asilimia 6.2. Na ile kadi ya RX 9070 XT iliyofichwa iliingia sokoni tarehe 6 Machi 2025 kwa dola 599, ikapata sifa kutoka kwa wapimaji na kuisha madukani upesi. Aliyetoa hukumu usiku wa Januari, awe mwekezaji au shabiki, alikuwa amehukumu hotuba tu. Kadi yenyewe hakuwa ameiona.

Swali ambalo halikuulizwa

Sasa nije kwa lile langu, kama mtu ninayekula kwa kuandika programu.

Chipu ya akili unde peke yake ni kipande cha silikoni kinachokula umeme. Mimi siandiki maelekezo ya chipu moja kwa moja. Naandika kwa Python, nikitumia maktaba kama PyTorch, na chini yake kuna tabaka nene la programu linalotafsiri kazi yangu kuwa maelekezo ambayo chipu inaelewa. Tabaka hilo kwa Nvidia linaitwa CUDA. Kwa AMD linaitwa ROCm.

CUDA ilitangazwa mwaka wa 2006 na kutolewa 2007, wakati wengi walidhani kadi ya michoro ni ya kuchezea gemu tu. ROCm ilikuja 2016. Hiyo ni karibu miaka kumi ya wanafunzi, watafiti na makampuni kuzoea njia moja, kuandika vitabu vyake, kurekebisha hitilafu zake na kujibizana kuhusu makosa yake mtandaoni. Ukikwama na CUDA usiku wa manane, kuna mtu alikwama hapohapo kabla yako. Ukikwama na ROCm, huenda wewe ndiye wa kwanza kufika.

Matokeo yake yalionekana miezi miwili baada ya hafla. Desemba 2024 kampuni ya uchambuzi ya SemiAnalysis ilitoa ripoti ya majaribio ya miezi mitano, ikilinganisha MI300X na H100 na H200 katika kazi ya kufunza modeli. Kwenye karatasi, MI300X inafanya hesabu trilioni 1,307 kwa sekunde kwa namba za biti 16, na H100 inafanya 989. AMD inashinda kwa mbali. Katika vipimo vyao vya kuzidisha matriki, H100 ilipata karibu 720 na MI300X karibu 620. Yule mwenye nguvu zaidi kwenye karatasi akashindwa uwanjani. Walisema walikutana na hitilafu nyingi, na kwamba ili kupata matokeo mazuri walihitaji msaada wa wahandisi wa AMD na matoleo maalumu ya programu ambayo mteja wa kawaida hakuwa nayo.

Ni sawa na gari lenye injini ya kutisha na giaboksi inayoteleza. Muuzaji anakufungulia boneti uone injini. Giaboksi utaijua ukifika mlimani.

Na hapa ndipo utaona kwa nini wateja wakubwa hawakulia. Meta ina wahandisi wake wa kukaa na ROCm mwezi mzima hadi modeli moja iende vizuri, kisha inaendesha modeli hiyo hiyo mamilioni ya mara. Mimi na wewe hatuna jeshi hilo. Tuna wikendi.

Kwa haki ya AMD, Lisa Su hakujificha. Alikutana na walioandika ripoti, akaipokea hadharani na kukiri kwamba kuna kazi zaidi ya kufanya. Tarehe 12 Juni 2025 mjini San Jose, kampuni ilipozindua chipu za MI350, ilitumia sehemu ya jukwaa kuzungumzia ROCm 7 na huduma ya wingu ambapo mwandishi wa programu anaweza kupata chipu zake na kuzijaribu bila kununua seva. Kwangu mimi hiyo ilikuwa hafla bora kuliko ile ya Oktoba. Sam Altman wa OpenAI alikuwa jukwaani pia. Hisa? Zilishuka kwa takriban asilimia 2.

Halafu tarehe 6 Oktoba 2025 AMD na OpenAI zikatangaza mkataba wa chipu za gigawati 6 za umeme, za kwanza zikipangwa kwa nusu ya pili ya 2026. AMD nayo ikaipa OpenAI haki ya kupata hadi hisa milioni 160, kadiri masharti yanavyotimizwa. Hisa zilipanda karibu asilimia 24 kwa siku moja. Chipu iliyopangiwa kuanza kazi hiyo, MI450, haikuwa imefika sokoni. Lakini jina lilikuwepo, na jina ndilo lililokuwa likingojewa tangu mwanzo.

"Lakini soko huwa sahihi mwishowe"

Najua kuna atakayesema hivyo. Atasema wawekezaji hawahitaji kujua ROCm, kwa sababu programu ikiwa mbovu wateja hawatakuja, na wateja wasipokuja hisa zitashuka. Kwa hiyo kuuliza jina la mteja ni njia ya mkato ya kuuliza kuhusu programu.

Hoja hiyo ina uzito, ila inawaacha watu wengi nje. Jina la mteja linakuambia kwamba tajiri mmoja mwenye wahandisi mia ameweza. Halikuambii kama chuo kikuu, hospitali au kampuni ya watu watano wataweza. Na Nvidia haikujenga ngome yake kwa matajiri peke yao. Ilijengwa na wanafunzi waliokuwa na kadi moja ya gemu chumbani, wakajifunza CUDA, kisha wakaajiriwa na matajiri hao.

Hili linatugusa hata sisi wa Nairobi na Mombasa. Anayetaka kufunza modeli itambue sauti ya Kiswahili, au Kikamba, au Kidholuo, kwa kawaida hanunui chipu hizi. Anazikodi mtandaoni kwa saa, kwa dola, na kila saa anayopoteza akipambana na hitilafu ya programu inalipiwa sawa na saa ya kazi. Muuzaji akiwa mmoja, bei ni yake. Wakiwa wawili na programu zote zinafanya kazi, bei inashuka bila sisi kumwomba mtu. Kwa hiyo ROCm ikipona, nafuu inatufikia. Hisa za AMD zikipanda, hongera kwa wenye hisa.

Safari ijayo uliza haya

Kwa hivyo hafla ijayo ya chipu, ya kampuni yoyote ile, kabla hujashangilia wala kukasirika, uliza maswali manne:

1. Kifaa kinapatikana lini kwa mtu asiyekuwa Microsoft? "Nusu ya pili ya mwaka" inaweza kuwa Desemba.

2. Kimelinganishwa na nani? Na yule atakayekuwa sokoni siku hiyo, au na yule anayestaafu?

3. Nani aliyepima? Michoro ya muuzaji ni ya muuzaji. Subiri wa nje.

4. Nikichukua programu yangu ya leo na kuiweka hapo, bila mhandisi wao kunishika mkono, itaenda?

Matatu ya kwanza mashabiki wazuri huyauliza tayari, na heko kwao. La nne karibu hakuna anayeliuliza, kwa sababu jibu lake halionekani vizuri kwenye skrini kubwa ya ukumbini. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa chipu nitaongeza kwamba hata chema hakijiuzi kama hakuna anayeweza kukiwasha.

Ni hayo tu kwa leo. Aliye na hisa azishike au aziachie, huo ni mfuko wake. Mimi narudi kwenye kodi zangu.